Sekunde Tisa za Mama

4 Februari 1996

Dada yangu,

Kabla sijasema langu, hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wako umetulia, au bado unalalamika kila ukikaa kwenye cherehani? Shemeji mwambie vile viatu nilivyomtumia avivae, asiviweke kabatini viwe vya kuonyesha wageni. Na macho ya Baba vipi? Barua yako ya mwisho ilisema daktari amempa dawa ya matone, kisha ukarukia habari za majirani. Mimi ni mzima. Napanda na kushuka, ndiyo kazi ya fundi lifti. Wiki iliyopita nilinaswa ndani ya lifti niliyokuwa naitengeneza mwenyewe, saa mbili nzima, na wenzangu wamepata la kunicheka mpaka mwaka uishe.

Sasa tafuta pa kukaa, maana haya ni ya kumsomea Baba, na usome polepole.

Jumanne nilitumwa kwenye jengo moja la ghorofa mbili ambalo nimelipita kwa miaka bila kujua ndani kuna nini. Kumbe ni nyumba ya makumbusho, tena si ya mifupa na mikuki. Ni ya sinema tu, tangu ilipoanza mpaka leo. Lifti yao ilikuwa imegoma katikati ya safari. Tatizo lenyewe dogo, swichi ya mlango, saa moja nikawa nimemaliza. Ila niliwaambia wenye jengo nahitaji kuiangalia mpaka jioni, kisha nikazunguka. Mungu anisamehe, na bosi wangu asijue.

Chini kuna masanduku ya mbao yenye tundu la kuchungulia: unazungusha mkono wa chuma, ndani farasi anakimbia. Ghorofa ya kwanza kuna kamera za zamani zenye miguu mitatu, na viti vyekundu vilivyong'olewa kwenye majumba ya sinema yaliyofungwa, kila kiti na namba yake. Nilikalia kimoja, chuma cha chini kikanichoma palepale kilipokuwa kikituchoma sisi. Ghorofa ya pili wamejenga chumba cha mashine, kamili, na kidirisha chake. Na humo ndani, Dada, imesimama mashine ya Baba. Najua si yenyewe, ni pacha wake, lakini harufu ni ileile ya oili na vumbi lililoungua. Kibao kinasema usiguse. Niligusa.

Mtunza filamu wa pale, mama mmoja mtu mzima anayeshinda na glavu nyeupe za pamba mikononi, alinikuta nimeshika. Badala ya kujitetea nikamwambia baba yangu aliendesha mashine kama hii miaka ishirini na sita, na mji mzima ulimwita Bwana Giza, kwa kuwa akishapanda ngazi tu taa zinazimwa. Akaniuliza sinema ipi. Nilipomtajia alivua glavu moja, akaivaa tena, akasema nimfuate.

Huko chini ya ardhi kuna rafu za makopo ya bati ya duara, mamia kwa mamia. Mwenye sinema yetu alipofunga si aliuza kila kitu kwa mkupuo? Basi vitu vilipita mikono mingi vikaishia huku. Makopo yetu niliyatambua kabla sijaonyeshwa. Yana mstari wa kijani, ile rangi iliyobaki Baba alipopaka mlango wetu. Na la tatu kutoka juu limeandikwa kwa mwandiko wake: Habari, ufunguzi wa daraja.

Ndiyo hiyo hiyo, Dada. Filamu ya habari ambayo Mama yumo, kwenye dirisha la tiketi, anacheka. Sekunde tisa, Baba alikuwa akituhesabia kwa vidole. Wewe ulikuwa na miaka tisa Mama alipofariki, mimi miwili. Picha zake mbili mchwa walizila pamoja na sanduku. Nimefika miaka thelathini na sita na sura ya mama yangu siijui. Tukikutana ahera nitampita kama ninavyompita mtu barabarani.

Mtunza filamu anasema mkanda lazima ukaguliwe kwanza, na ana kazi nyingi mbele yake. Nirudi Aprili. Nitasubiri. Ila niambie, alikuwaje? Mrefu au mfupi? Uso wa duara? Nisije nikamkodolea macho mtu mwingine, sekunde tisa zikapita zote.

Mdogo wako,
Bisibisi


17 Machi 1996

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika mapema, kuchelewa ni kwangu. Sisi wazima. Mgongo ni uleule, mwenye nao ndiye anayechakaa. Shemeji yako amerudi safari na viatu amevaa mara moja, kwenda kumwonyesha kinyozi. Hospitali wameniletea oda ya sare za wauguzi, magauni arobaini, kwa hiyo nakula na sindano mdomoni.

Barua nilimsomea Baba mara mbili. Hapo penye mashine alinisimamisha akauliza taa yake iko upande gani, nami nikamwambia hukuandika, akasema basi hukutazama vizuri. Unamjua. Lakini alifurahi. Siku ile alikula sahani nzima, akaomba redio izimwe, akakaa. Baadaye aliniagiza nimtafutie kitu fulani humu ndani, nikamwambia nitakitafuta nikipata nafasi. Macho yake ni yaleyale.

Kuhusu Mama, utamjua tu. Nani mwingine atakuwa kwenye dirisha la tiketi? Ila nakusihi usijenge ghorofa juu ya mchanga. Mikanda ya siku nyingi huharibika, hata Baba anajua. Ukikuta umeharibika usivunjike moyo. Tumeishi bila kuuona miaka yote hii na tumekua.

Kula vizuri. Punguza chai.

Dada yako


21 Aprili 1996

Dada,

Natumaini sare za wauguzi zimekwisha na mmepumzika kidogo. Mimi nina mafua tu, ya kushinda kwenye mashimo ya lifti yenye baridi.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Utanicheka, lakini nilivaa lile shati la bluu ulilonishonea nilipoondoka. Nimelivaa mara chache mno miaka hii kumi na moja, kola yake mpaka leo imesimama kama askari wa zamu. Mtunza filamu aliniuliza kama natoka kufunga ndoa. Nikamwambia nakwenda kuonana na mama yangu. Hakucheka.

Hakuweka mkanda kwenye mashine. Ana meza yenye magurudumu mawili na kioo kidogo katikati, anazungusha kwa mkono, picha zinatembea taratibu. Tukaona daraja. Wakubwa na kofia zao. Utepe ukakatwa. Kisha jengo la sinema yetu, ngazi zile nne, watu wamejipanga kwa kuwa wageni wote walikaribishwa sinema siku ile. Kamera inasogea mpaka dirishani. Unatoka mkono. Una bangili mbili nyembamba na umeshika tiketi. Kidole gumba kina kucha iliyokatwa fupi. Mkono unampa mtu tiketi, kamera inaanza kupanda juu, na hapo hapo, Dada, tumerudi darajani. Magari yanapita.

Nilimwomba arudishe. Akarudisha mara nne. Mkono, daraja. Mkono, daraja. Mwisho akaweka kioo cha kukuzia akanionyesha kiungo. Kuna kipande kimetolewa, akasema, tena na mtu mwenye mkono mzuri, lakini wa ajabu, maana mafundi wote hukata mkanda moja kwa moja, na huyu kakata mshazari.

Unajua na mimi najua ni nani alikuwa akikata mshazari. Alikuwa akijisifu nako mezani, kwamba kiungo chake hakiruki kwenye mashine.

Nimeuona mkono wa Mama, sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani. Lakini nilirudi chumbani nikakaa na shati langu la sherehe mpaka giza likaingia, sijui nifanye nini na mikono yangu mwenyewe. Muulize Baba. Muulize kwa nini, na muulize kipande kiko wapi.

Mdogo wako


30 Juni 1996

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Pole na mafua, nadhani yamekwisha kabla barua hii haijafika. Hapa mvua imeingia jikoni tena, shemeji yako amepanda juu ya paa na kushuka na maelezo marefu na tundu liko palepale. Binti wa jirani, yule mwenye sauti, amepata kazi benki. Wauguzi walirudisha magauni sita, wanasema yanabana. Magauni hayajabadilika, wamebadilika wao.

Kuhusu kile kiungo, mashine za siku zile zilikuwa zikitafuna mikanda. Basi ndiyo hivyo. Baba siku hizi analala sana na sipendi kumchosha kwa maswali.

Mbona hukunitumia vipimo vya kiuno? Nilitaka kukushonea suruali.

Dada yako


28 Julai 1996

Dada,

Salamu kwa wote. Kiuno changu hakijambo.

Wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo sitasema neno la kukukosea adabu. Lakini mashine haitafuni mshazari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wewe umenyamaza kwa kurasa mbili nzima. Nimekuuliza Mama alikuwaje, umenijibu habari za paa. Nimekuuliza kipande kiko wapi, umenijibu suruali.

Kama Baba hataki, nijue hataki. Kama hakipo, nijue hakipo. Mtunza filamu anasema kipande kikipatikana atakirudisha mahali pake, hata kiwe kimepauka namna gani, naye atanionyesha kwenye mashine kubwa siku ya mapumziko. Anasubiri. Ananiuliza kila nikienda kukagua lifti yao, na siku hizi naikagua kuliko inavyohitaji.

Mdogo wako


8 Septemba 1996

Mdogo wangu wa pekee,

Leo salamu zitakuwa fupi. Tuko hai. Barua hii nimeianza mara tano na nne zimewasha jiko.

Kwanza macho. Baba haoni. Haoni tangu Januari, kabla hujaandika ile barua ya kwanza. Anajua mchana na giza, basi. Matone yale yalikuwa ya kunipa mimi kazi ya kufanya. Alinikataza kukuandikia, nami nikatii kwa kuwa ilinifaa.

Sasa hilo lingine. Siku niliyomsomea habari za makumbusho, nilipomaliza alisema, "Hatamwona. Nilimkata." Nikadhani anaweweseka. Akanieleza. Mama alipozikwa, siku ya nne yeye alirudi kazini, na ile filamu ya daraja ilikuwa bado inaonyeshwa kabla ya kila picha kubwa, kwa sababu watu wa mji walipenda kujiona. Kila siku mara mbili Mama alicheka. Watu waliokaa chini walicheka naye, na Baba yuko juu peke yake anashikilia mashine. Alivumilia mwezi mmoja. Kisha akachukua mkasi, akamwambia mwenye sinema kwamba mashine imekula mkanda. Kile kipande alikifunga kwa uzi mwekundu akakiweka kwenye kopo la makapi ya filamu chini ya kitanda, kwa kuwa huko hakuna ambaye angekitafuta. Akasema, "Kalete lile kopo. Tusimwambie kitu mpaka tukipate, kisha tumpelekee."

Hicho ndicho kitu alichoniagiza. Na mimi sikuwa na haja ya kukitafuta.

Lile kopo, mdogo wangu, ndimo nilimokuwa nachota vipande vya kukazia ncha za kola tangu nianze kushona. Baba mwenyewe aliniruhusu miaka ile, alisema chukua vile vifupi. Unaloweka kwenye maji ya moto na magadi, unasugua, ule weusi unatoka wote, unabaki na kitu safi kama kioo, kigumu, chepesi. Mashati yangu yalisifiwa mji mzima kwa kola, na siri nilikuwa nayo mimi. Nilichowaambia wateja ni pasi isiwe ya moto sana.

Wiki uliyokuwa unaondoka, vile vifupi vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa na mashati ya makarani wa posta na mawili yako. Chini kabisa ya kopo nikakuta kimoja kirefu, kimeviringishwa vizuri, kimefungwa uzi mwekundu. Nilifurahi. Hakikuwa na kiungo hata kimoja. Nikakiloweka kizima. Sikukiinua kwenye mwanga hata mara moja. Kingenichukua muda gani? Ule uzi mwekundu niliutumia kushikiza vifungo.

Nimekaa na hilo tangu Machi. Baba kila asubuhi aliuliza, "Kopo umeliona?" nami nikasema bado. Mwezi wa nane nikachoka, nikaenda kwa mjane wa aliyekuwa mfagiaji wa sinema. Alikuwa na kipande cha filamu amefungia mlango wa banda la kuku. Nikakiosha kwa maji baridi, nikakifunga uzi mwekundu mpya, nikampa Baba. Alikipitisha kwenye vidole taratibu, tundu kwa tundu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Katikati pana kiungo, hapo vidole vilisimama. Nikasimama na mimi. Kisha akasema, "Ndicho. Mpelekee mdogo wako." Sijui kama aliamini. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia posta. Kipande hicho kimo ndani ya bahasha hii kwa sababu Baba alinisubiri niibandike stempu. Usimpelekee yule mama wa glavu.

Na umeniuliza Mama alikuwaje. Sikujibu kwa sababu simkumbuki. Nilikuwa na miaka tisa, ilipasa nikumbuke, nimejilaumu sana. Nakumbuka mkono. Ulinipiga kofi na mkono huo huo ukanifuta machozi. Juu ya mkono hakuna kitu.

Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Nitaelewa.

Dada yako


20 Oktoba 1996

Dada yangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, sasa. Wiki mbili za kwanza sikuwa mtu wa kuandikiwa wala kuandika. Nilikukasirikia mpaka nikakosa usingizi, halafu nikamkasirikia Baba, halafu nikamkasirikia mjane wa mfagiaji na kuku wake. Nilipowamaliza wote hao nikabaki mimi na shati la bluu limetundikwa ukutani.

Kipande ulichotuma nilikitazama kwenye taa. Ni bwana mnene anayekimbizwa na mbwa, kisha baada ya kiungo ni mbwa peke yake. Nilicheka, Dada. Nikajishangaa.

Shati lile jeupe nililigawa zamani, kwa mwenzangu aliyekwenda kwenye usaili wa kazi. La bluu lipo. Nilikaa mezani na wembe nikafumua kola, taratibu kama ulivyonifundisha, bila kujeruhi kitambaa. Vikatoka viwili, kimoja kila upande. Virefu kama kidole changu cha kati, umevikata ncha zifuate kola, vimepinda kidogo kwa pasi. Matundu ya pembeni yapo. Nilivigeuza kwenye mwanga pande zote, huku na huku. Ulisugua vizuri mno.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikimvaa shingoni, nikiwaambia watu wamsifie fundi.

Nilivipeleka kwa mtunza filamu. Nilimweleza yote, akavilaza chini ya vitabu wiki nzima vinyooke. Kisha akaviunga pale palipokatwa, mshazari, vikaingia bila shida. Picha tatu kila kipande, akasema, ni robo ya sekunde. Safari hii alipanda nami ghorofa ya pili kwenye ile mashine pacha, akaiwasha. Nikashuka ukumbini nikakaa kiti cha mbele. Alinitahadharisha kwamba vipande vimechoka, ataonyesha mara moja tu, ya pili vitakatika.

Daraja likapita, na kofia, na utepe. Ngazi zetu nne. Nikajiandaa, nikafungua macho mpaka yakauma. Mkono ukatoka na tiketi. Na hapo, Dada, kwa kuyafungua sana, nikapepesa. Nilipotazama, magari yalikuwa yanapita darajani.

Aliniambia palikuwa na mwanga mweupe, ukumbi wote uliwaka. Mimi sikuuona. Nilisikia mashine tu.

Usijilaumu tena, nimechoka kukulaumu na sina mtu mwingine. Lakini Baba anasubiri jibu, na siwezi kumwandikia kwamba nimemwona bwana mnene na mbwa. Nimemwandikia haya hapa chini. Msomee hayo tu.

Kwa Baba. Shikamoo, Baba. Kipande kilifika salama, kimerudishwa mahali pake, na nimeonyeshwa kwenye mashine kama yako. Taa yake iko upande wa kulia, nimeiangalia. Mama nimemwona. Alikuwa amefunga kitambaa nyuma ya kichwa, paji la uso limeingia jasho kidogo. Ana pengo dogo kati ya meno ya mbele, na akicheka anaegemeza kichwa upande wa kushoto, jicho moja linafumba kabla ya lingine. Shavuni ana alama ndogo kama aliyewahi kuungua. Anamtazama mtu kama anayetaka kumwambia avae sweta. Watu ukumbini walicheka naye. Asante kwa kunitunzia.

Mdogo wako,
Bisibisi


1 Desemba 1996

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Paa limezibwa, na fundi wa kweli. Suruali yako nimeikata kwa kukisia, ikikubana utajua kwa nini nilitaka vipimo.

Nilimsomea Baba barua yako siku ya Jumapili, asubuhi, tumekaa uani. Nilisoma vizuri mpaka kwenye pengo la meno. Nilipofika kwenye alama ya shavuni, ya pasi, niliyoipata nikikupigia pasi kaptula ya shule, niliruka mstari, nikaurudia. Nikakohoa nikamaliza.

Baba akageuza uso upande wangu. Akasema, "Huyo ni wewe."

Akanyoosha mkono akanitafuta, akanigusa alama. Akasema alijua tangu siku niliyompa kile kipande, kwa sababu chake hakikuwa na kiungo. Aliona kama nimefika hatua ya kufungia kipande kingine uzi mwekundu, basi kilichotokea hakitamkiki, akaona asinilazimishe. Nikamwambia habari ya kola. Nilimwambia yote. Alisikiliza, akauliza tu kama makarani wa posta wale walizipenda kola. Nikasema walizipenda.

Kisha nikapata wazo ambalo lingetupasa kulipata zamani, wewe na mimi. Nikaingia ndani nikaleta daftari na kalamu. Nikamwambia, Baba, filamu hatuna na mimi sikumbuki, lakini wewe ulimtazama kila siku mara mbili. Nieleze alivyokuwa, niandike, nimpelekee mdogo wangu. Akasema vema. Akakaa sawa, akaelekeza uso ukutani kama anayetazama kupitia kidirisha chake.

"Mkono unatoka na tiketi," akasema.

Nikaandika.

"Kamera inapanda."

Nikaandika, nikangoja. Midomo yake ilifunguka ikafunga. Akarudia tangu mwanzo, mkono, tiketi, kamera inapanda, akasimama tena palepale. Baada ya kukata alikuwa ameuonyesha mkanda ule miaka mingine mingapi, mdogo wangu, mara mbili kwa siku? Nilimwona anatafuta. Jasho lilimtoka.

"Kisha, Baba?"

"Kisha daraja," akasema.

Dada yako